Miale ya gama: Jinsi darubini za angani zinavyonasa mwako usiomsubiri mtu

KWA wastani wa mara moja kwa siku, mwako mkali wa miale ya gama huifikia dunia kutoka pembe ya anga ambayo hakuna awezaye kuibashiri. Mwako huo hudumu sekunde chache, pengine hata chini ya sekunde moja, kisha huzimika na hautarajiwi kurudi tena mahali hapo. Jicho la binadamu haliuoni, na hewa inayotuzunguka huumeza kabla haujafika ardhini.

Licha ya hayo, wanasayansi wameweza kueleza mwako kama huo ulitoka wapi, ulisafiri kwa miaka mingapi na ulizaliwa na tukio gani. Sehemu ya habari hizo imepitia humu nchini. Setilaiti ya Swift, ambayo shirika la anga la Marekani, NASA, liliirusha mwaka 2004 mahsusi kuiwinda milipuko hii, ilipangiwa kuteremsha data zake kupitia antena iliyoko katika kituo cha Luigi Broglio, kaskazini mwa mji wa Malindi.

Swali tunalolijibu katika makala haya ni hili: kitu kinachozuka bila taarifa, kikaisha kabla mtu hajageuza shingo, hupimwaje? Jibu halimo katika ukubwa wa darubini pekee. Limo katika kujua mahali na kuwahi. Kwa takriban miaka 30, wataalamu walikuwa na vipimo vya mwako wenyewe lakini hawakujua kama ulitokea jirani yetu au upande wa pili wa ulimwengu, kwa sababu kila mara walifika moto umekwisha kuzimika.

Mwanga usiotii kioo

Miale ya gama ni mwanga, sawa na ule tunaouona, mawimbi ya redio au eksirei. Tofauti iko katika nguvu. Chembe moja ya mwanga, ambayo wanafizikia huiita fotoni, ikiwa ya rangi zinazoonekana kwa macho hubeba nguvu ya elektrovolti mbili au tatu. Fotoni ya gama hubeba maelfu, mamilioni, na wakati mwingine mabilioni ya elektrovolti.

Nguvu hiyo humletea mtafiti matatizo mawili. Kwanza, fotoni ya gama ikiingia katika angahewa hugongana na atomu za hewa, na nguvu yake ikamalizikia huko juu. Hiyo ni neema kwa viumbe, maana miale hii huharibu chembe hai, lakini humlazimu mtafiti kukipeleka chombo chake juu ya hewa. Ndiyo sababu elimu hii haikuwezekana kabla ya enzi ya setilaiti.

Pili, miale hii haitii kioo. Darubini ya kawaida hukusanya mwanga kwa kioo kilichopinda na kuuelekeza mahali pamoja ili ufanye picha. Mwale wa gama hukipenya kioo hicho au ukamezwa nacho. Badala ya kioo, hutumiwa fuwele maalumu. Fotoni ya gama ikiingia ndani ya fuwele hiyo, hutoa cheche ya mwanga wa kawaida, na cheche hiyo hugeuzwa kuwa umeme unaoweza kuhesabiwa. Kadiri fotoni ilivyokuwa na nguvu, ndivyo cheche inavyong'aa.

Kwa hivyo, kigunduzi cha fuwele hujibu maswali mawili kwa wepesi: fotoni iliingia saa ngapi, na ilikuwa na nguvu kiasi gani. Swali la tatu, yaani ilitokea upande gani, ndilo lililowatesa wataalamu kwa muda mrefu.

Waliotafuta mabomu wakakuta nyota

Ugunduzi wenyewe haukukusudiwa. Mnamo Agosti 1963, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia hewani, chini ya maji na katika anga za juu. Ili kuhakikisha kuwa mkataba unaheshimiwa, Marekani ilianza kurusha setilaiti za kijeshi zilizoitwa Vela, jozi ya kwanza ikipaa Oktoba mwaka huo. Zilizunguka mbali sana, zaidi ya kilomita 100,000 kutoka ardhini, zikiwa na vigunduzi vya eksirei, gama na nyutroni. Hofu ilikuwa kwamba taifa fulani lingeweza kulipua bomu kwa siri huko juu, hata nyuma ya mwezi.

Julai 2, 1967, setilaiti hizo zilinasa mwako wa gama. Wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Ray Klebesadel na Roy Olson, walipozipekua rekodi hizo mwaka 1969 waligundua kuwa mwako huo haukufanana na bomu. Bomu la nyuklia hutoa mmweko mmoja wa kufumba na kufumbua, kisha gama hafifu inayopungua taratibu. Mwako huu ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, na kudumu sekunde kadhaa.

Setilaiti mpya za Vela zilipopaa zikiwa na saa sahihi zaidi, ziliwapa watafiti njia ya kwanza ya kukisia upande. Nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Ikiwa setilaiti mbili zimetengana kwa kilomita 200,000, mwako unaotoka upande mmoja utaifikia ya kwanza zaidi ya nusu sekunde kabla ya kuifikia ya pili. Ni sawa na wimbi moja linalozipiga mashua mbili zilizotia nanga. Ukijua ni ipi iliyoyumba kwanza na kwa tofauti ya muda gani, utajua wimbi lilitokea wapi.

Hesabu hizo zilionyesha kuwa miale haikutoka duniani wala kwenye jua. Mwaka 1973, Klebesadel, Olson na mwenzao Ian Strong walichapisha taarifa kuhusu milipuko 16 iliyonaswa kati ya 1969 na 1972. Fumbo likawa mali ya ulimwengu mzima.

Kibatari cha karibu au taa ya meli

Baada ya taarifa hiyo, nadharia zilimiminika. Kiini cha mzozo kilikuwa umbali, na hilo halikuwa jambo dogo. Mtu aliyesimama ufuoni usiku akiona nuru gizani hawezi kujua kama ni kibatari cha mvuvi aliye karibu au taa kali ya meli iliyo mbali. Ukali unaomfikia jichoni ni uleule. Hali kadhalika, mlipuko wa gama ungeweza kuwa tukio la wastani katika galaksi yetu, au janga lisilo na kifani lililotokea mabilioni ya miaka-nuru kutoka hapa. Bila kujua umbali, hapangekuwa na njia ya kujua nguvu halisi ya mlipuko. Na bila kujua nguvu, hapangekuwa na njia ya kujua chanzo.

Aprili 5, 1991, chombo cha Atlantis kilipaa kikiwa kimebeba setilaiti ya Compton, yenye uzito wa takriban tani 17. Katika pembe zake nane ilikuwa na vigunduzi vinane vya fuwele, kila kimoja kikitazama upande wake. Mwako ukizuka, vigunduzi vilivyouelekea vilihesabu fotoni nyingi kuliko vilivyoupa kisogo. Mtu aliyefumba macho huweza kujua moto uko upande gani kwa shavu linalohisi joto zaidi. Ndivyo Compton ilivyofanya.

Kufikia ilipoteremshwa baharini kwa makusudi Juni 4, 2000, vigunduzi hivyo vilikuwa vimesajili milipuko 2,704. Milipuko hiyo ilipochorwa kwenye ramani ya anga, ilionekana kutapakaa sawasawa kila upande. Kama ingetoka kwenye nyota za galaksi yetu, ambayo ni bapa mithili ya sahani, ingejipanga kuufuata ukanda ule mweupe tunaouona usiku usio na mwezi. Haikufanya hivyo.

Hata hivyo, ubishi haukuisha. Mnamo Aprili 1995 wataalamu wawili, Bohdan Paczynski na Don Lamb, walijadiliana hadharani mjini Washington. Wa kwanza alishikilia kuwa milipuko hiyo iko mbali mno, wa pili kuwa inatoka kwenye wingu kubwa la nyota za nyutroni linaloizunguka galaksi yetu. Hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake kwa ushahidi.

Udhaifu ulikuwa kwenye anwani. Njia ya shavu na moto ilitaja eneo lenye upana wa nyuzi kadhaa, ilhali mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi tu. Ndani ya eneo kama hilo mna nyota na galaksi zisizohesabika. Kuiambia darubini kubwa ya ardhini itazame huko ni sawa na kumwagiza mtu nyumba Mombasa bila kumtajia mtaa.

Habari zilizopitia Malindi

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia katika simulizi hili, na haikuwa kwa bahati nasibu. Italia ilikuwa na jukwaa la kurushia setilaiti, San Marco, katika bahari iliyo karibu na Malindi, na kituo cha mawasiliano nchi kavu. Kutoka jukwaa hilo ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za nyota, Desemba 12, 1970. Kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, ilipewa jina Uhuru. Novemba 1972 ikafuata SAS-2, iliyobeba darubini ya gama.

Thamani ya Malindi ni kuwa karibu na ikweta. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa maeneo ambayo chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia huvivuruga vigunduzi. Fauka ya hayo, hupita juu ya kituo kilekile kila inapoizunguka dunia.

Setilaiti ya BeppoSAX, ya Italia ikishirikiana na Uholanzi, ilirushwa Aprili 30, 1996 katika njia ya aina hiyo. Ilizunguka dunia kwa zaidi kidogo ya dakika 90, na kila ilipopita juu ya Malindi ilimwaga data zake, zikapelekwa Roma kuchambuliwa.

Februari 28, 1997, kigunduzi chake cha gama kilinasa mlipuko. Kwa bahati njema, kamera yake ya eksirei yenye upeo mpana ilikuwa ikitazama upande uo huo, nayo ikataja mahali kwa usahihi uliozidi sana ule wa Compton. Wahandisi waliigeuza setilaiti nzima, na saa nane baada ya mlipuko darubini zake nyingine zikaelekezwa pale. Kulikuwa na nukta ya eksirei isiyojulikana hapo awali. Siku tatu baadaye nukta hiyo ilikuwa imefifia mno.

Kilichoonekana kilikuwa kaa la moto. Mlipuko huisha kwa sekunde, lakini mabaki yake huendelea kung'aa kwa saa na siku kadhaa, kwanza kwa eksirei, kisha kwa mwanga wa kawaida na mawimbi ya redio. Kundi la Jan van Paradijs lilikuwa limepiga picha ya eneo hilo kwa darubini ya William Herschel kwenye kisiwa cha La Palma, Uhispania, chini ya saa 24 baada ya mlipuko. Walipoilinganisha na picha ya siku nane baadaye, waliiona nuru iliyokuwapo na ambayo sasa ilikuwa imetoweka.

Mei 8 mwaka huo BeppoSAX ilinasa mlipuko mwingine, na safari hii darubini ya Keck, Hawaii, iliuwahi mwanga wa kaa lake. Kila elementi humeza rangi mahususi za mwanga na kuacha alama zinazoitambulisha kama alama za vidole. Ulimwengu unapotanuka, alama hizo husogezwa kuelekea wekundu, na kiasi cha kusogezwa huonyesha mwanga umesafiri kwa muda gani. Alama za mlipuko huo zilionyesha kuwa mwanga wake ulikuwa umesafiri kwa takriban miaka bilioni saba.

Ubishi wa miaka 24 ukakatika kwa kipimo kimoja. Haikuwa taa ya mvuvi, bali ya meli.

Kivuli cha risasi

Somo la mwaka 1997 lilikuwa bayana. Saa nane zilikuwa nyingi mno, kwani kaa hufifia kwa kasi na kila dakika inayopita hupoteza habari. Waswahili husema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ikabidi itengenezwe setilaiti ambayo haingemngoja mwanadamu aamke, asome ujumbe na kutoa amri.

Setilaiti hiyo ni Swift, iliyorushwa kutoka Florida Novemba 20, 2004. Kwa kuwa gama haitii kioo, Swift hutumia kivuli. Juu ya chombo kumetandazwa vigae vidogo vya madini ya risasi, takriban 52,000, vilivyopangwa bila mpangilio wa kujirudia huku nafasi zikiachwa katikati. Mita moja chini yake kuna sakafu ya vigunduzi vidogo 32,768, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita nne.

Miale inapopita kwenye nafasi na kuzuiwa na vigae, huchora kivuli sakafuni. Jua likipenya kwenye paa la makuti lililotoboka huchora madoa ya mwanga chini, na madoa hayo husogea kadiri jua linavyosogea. Vivyo hivyo, kila upande wa anga una kivuli chake ambacho hakifanani na cha upande mwingine. Kompyuta ya setilaiti hukilinganisha kivuli kilichopatikana na vivuli vyote vinavyowezekana, na katika sekunde chache ikataja mahali kwa usahihi wa sehemu ndogo ya upana wa mwezi.

Hapo setilaiti hujiamulia yenyewe. Hukagua kama kugeuka hakutazielekeza darubini zake kwenye jua, mwezi au dunia. Pakiwa salama, hugeuka, na kwa kawaida katika muda wa dakika moja na nusu huwa imeielekeza darubini ya eksirei na ile ya mwanga wa kawaida na urujuanimno mahali palipolipuka. Wakati huo huo, tangazo fupi hupitia setilaiti za mawasiliano hadi ardhini na kusambazwa kwa darubini kote duniani. Data kamili, ambazo ni nyingi na hazihitaji haraka hiyo, ndizo zilizopangiwa kuteremshwa Malindi setilaiti inapopita.

Matokeo yalionekana mapema. Mei 9, 2005, Swift ilinasa mlipuko uliochukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na bado ikaliwahi kaa lake la eksirei, jambo lililokuwa halijawahi kufanyika kwa milipuko mifupi. Machi 19, 2008 ilinasa mwingine ambao mwanga wake wa kawaida ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu aliyekuwa mahali penye giza angeweza kuuona bila chombo kwa muda mfupi, ingawa ulikuwa umesafiri kwa miaka bilioni 7.5. Aprili 23, 2009 ikanasa mlipuko uliotokea ulimwengu ukiwa na umri wa takriban miaka milioni 630 tu.

Vipimo na maana yake

Mlipuko unapimwa nini hasa? Kipimo cha kwanza ni muda. Kwa kuwa mwanzo na mwisho wake hufichwa na gama ya kawaida isiyokosekana angani, watafiti huhesabu fotoni zote za ziada, wakaacha asilimia tano za mwanzo na tano za mwisho. Muda wa asilimia 90 zilizosalia ndio huandikwa kuwa urefu wa mlipuko.

Kipimo cha pili ni mgawanyo wa nguvu, yaani fotoni ngapi ni dhaifu na ngapi ni kali. Hapa setilaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 11, 2008, inasaidiana na Swift. Ina vigunduzi 14 vinavyotazama karibu anga lote lisilokingwa na dunia, na darubini nyingine ya fotoni kali mno. Katika darubini hiyo, fotoni hugonga tabaka za madini ya tangsteni na kugeuka kuwa jozi ya chembe, elektroni na positroni, ambazo nyayo zake hufuatiliwa kwenye tabaka za silikoni ili kujua fotoni ilitokea wapi.

Kipimo cha tatu ni jumla ya nguvu, ambayo hupatikana tu umbali ukijulikana. Januari 23, 1999, BeppoSAX ilinasa mlipuko ambao, kama ungekuwa umesambaza nguvu yake pande zote sawasawa, ungekuwa umetoa zaidi ya nguvu ambayo ingepatikana uzito wote wa jua letu ukigeuzwa kuwa mwanga. Namna kaa lake lilivyofifia ilionyesha jambo jingine: nguvu ilikuwa imefinywa katika mkondo mwembamba, kama mwanga wa tochi. Hesabu ikapungua ikawa ya kuaminika. Maana yake pia ni kwamba kwa kila mlipuko tunaouona, ipo mingine mingi ambayo tochi yake haikuelekezwa kwetu.

Kutokana na vipimo hivi, milipuko iligawanywa katika koo mbili: mirefu inayozidi sekunde mbili, na mifupi isiyofika hapo. Machi 29, 2003, setilaiti ndogo ya HETE-2 ilinasa mlipuko mrefu ambao kaa lake lilipofifia lilifichua supanova, yaani kifo cha nyota kubwa. Kiini cha nyota kama hiyo hujiporomokea, kwa kawaida kikawa shimo jeusi, na mikondo ya gama hutobolea nje.

Ukoo wa pili ulithibitishwa Agosti 17, 2017. Vyombo vya LIGO na Virgo vilihisi mtikisiko wa mvutano kutokana na nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye, Fermi ilinasa mlipuko mfupi wa gama. Saa kadhaa baadaye darubini za ardhini ziliona mwanga wa mabaki ambamo elementi nzito zilikuwa zikiundwa. Wataalamu wengi sasa wanaamini kuwa sehemu kubwa ya dhahabu iliyopo ulimwenguni ilitokana na migongano ya namna hiyo.

Hata hivyo, mpaka wa sekunde mbili si ukuta. Desemba 11, 2021 na Machi 7, 2023 ilinaswa milipuko mirefu ambayo mabaki yake yalikuwa na dalili za nyota za nyutroni kugongana. Muda pekee hautoshi kumtambulisha mzazi. Lazima kaa liwahiwe na kuchunguzwa.

Mwako uliozidi karani

Oktoba 9, 2022 vyombo vilipata mtihani wa kinyume. Mlipuko uliofika siku hiyo, baada ya kusafiri kwa takriban miaka bilioni 1.9, ulikuwa mkali kuliko wowote uliowahi kurekodiwa. Wataalamu wanakadiria kuwa wa aina hiyo huonekana duniani mara moja katika miaka 10,000 hivi. Uliitikisa hata ionosfia, tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi ya redio.

Tatizo lilikuwa wingi wa fotoni. Karani anayehesabu watu mlangoni mwa uwanja huhitaji kitambo kwa kila mmoja. Umati ukivamia kwa pamoja, wengi hupita bila kuhesabiwa, na takwimu yake huwa ndogo kuliko ukweli. Vigunduzi vya Fermi vilizidiwa kwa namna hiyo wakati wa kilele, ikabidi hesabu irekebishwe kwa uangalifu.

Miongoni mwa vyombo vilivyokipima kilele bila kuzidiwa kilikuwa GRBAlpha, kisetilaiti cha wataalamu wa Slovakia, Hungary na wenzao, kilichorushwa Machi 2021. Kina umbo la mchemraba wenye ukubwa wa sentimita 10 hivi kila upande, na fuwele yake ina upana wa sentimita 7.5 tu. Udogo wake ndio uliokiokoa, kwa maana fotoni zilizokiingia zilikuwa chache za kuhesabika. Chombo kinachoenea kiganjani kikafaulu pale vikubwa vilipolemewa.

Chombo kinachoshuka

Swift, ambayo mwaka 2018 ilipewa jina la marehemu Neil Gehrels aliyeuongoza mradi wake, haina injini ya kujiinua. Ilianza kazi katika kimo cha takriban kilomita 600. Jua lilipochangamka katika miaka ya karibuni, hewa ya juu ilitanuka na kuikwaruza, ikawa inashuka haraka kuliko ilivyotarajiwa. Septemba 2025, NASA ilitangaza kuipa kampuni ya Marekani, Katalyst Space Technologies, kandarasi ya dola milioni 30 kutengeneza chombo cha kuikamata na kuiinua, ingawa haikuwahi kuundwa ikamatwe.

Wakati huo huo warithi wamejitokeza. Einstein Probe, ya China ikishirikiana na Ulaya, ilirushwa Januari 9, 2024 kutafuta miako ya eksirei. SVOM, ya China na Ufaransa, ilifuata Juni 22 mwaka huo, nayo hutumia kivuli na kujigeuza kama Swift.

Kwa msomaji wa Kenya, hoja iliyo muhimu zaidi pengine ni ile ya mchemraba. Mei 11, 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Ilikuwa na umbo na ukubwa uleule wa GRBAlpha. Haikubeba fuwele ya gama, kwani lengo lake lilikuwa jingine, lakini inaonyesha kuwa ukubwa wa chombo kinachoweza kuchangia elimu hii haujawashinda vijana wetu.

Kwa zaidi ya nusu karne, habari za nyota zilizokufa kabla ya dunia kuwapo zimekuwa zikiteremka pwani ya Malindi, kisha zikivuka bahari kwenda kusomwa na wengine. Antena ipo, na elimu ya kuzisoma haijafichwa. Kinachohitajika ni wanafunzi wa fizikia na uhandisi watakaofunzwa kuzichambua papo hapo zinapofika.